Usimikaji wa sanaa kuhusu kuchunguzana majumbani, Moshi: kamera, kioo au daftari la getini?

Korido_Majengo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu kimepewa nyumba tupu Majengo, Moshi, kabla mwenyewe hajaanza ukarabati. Tunataka kuigeuza kuwa kazi moja ya sanaa juu ya namna watu wa nyumba moja, wapangaji na majirani wanavyochunguzana: nani kaingia, nani kachelewa kurudi, nani yuko hewani WhatsApp saa nane za usiku, nani simu yake kailaza kifudifudi mezani. Mambo ya serikali na polisi tumeyaweka pembeni.

Vipimo: sebule mita 3.6 kwa 4.2. Korido upana mita 1.1, urefu mita 5, ina mlango kila upande. Dirisha la sebuleni ni kioo cha rifleksi cha bluu, linatazama kibaraza cha jirani. Vifaa tulivyonavyo ni kamera mbili za CCTV za AHD (za analojia zenye picha kali, 2MP), TV moja ya chogo ya inchi 14 na laptop ya zamani yenye RAM ya GB 4.

Wazo kuu ni mgeni apite kwenye korido ajione kwenye TV kwa kuchelewa sekunde 8. Inafanyikaje bila kununua mashine ghali? Umeme ukikatika je? Kisheria tunatakiwa kufanya nini? Na kuna mwenzetu anataka kumfuata mtu asiyemjua mjini siku nzima, aandike kila anachofanya, karatasi zibandikwe ukutani. Anasema wasanii wakubwa walishafanya. Mnalionaje?

---

FundiWaya_Njiro

Mkuu, nianze na sekunde 8, maana ni rahisi kuliko mnavyodhani.

Kwanza kamera. TV ya chogo inaelewa CVBS tu, ile plagi ya njano. Kamera nyingi za AHD za siku hizi zinatoa aina nne za mawimbi, na kwenye mkia wa waya kuna kitufe kidogo au kijiti cha kusukuma. Shikilia upande mmoja kama sekunde 5 mpaka picha ibadilike iwe CVBS. Upande gani ni wa CVBS inategemea mtengenezaji, kwa hiyo jaribu pande zote nne huku TV imewashwa. Ukishaweka, inakumbuka hata umeme ukizimwa. Ingia pia kwenye menyu yake uchague PAL, 50Hz, ule mfumo wa TV za chogo za kwetu. Ikibaki 60Hz, chini ya taa zetu utaona mistari ya kivuli inapanda na kushuka kwenye picha.

Halafu kamera iende kwenye laptop kupitia kidaka-video cha USB chenye plagi ya njano. Ndani ya OBS, programu ya bure ya kurekodi na kurusha video, ongeza kamera kama chanzo, kisha kwenye vichujio vyake chagua Video Delay Async uandike 8000, maana inahesabu kwa milisekunde. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanachagua Render Delay. Hiyo mwisho wake ni milisekunde 500, nusu sekunde basi, halafu wanalalamika programu mbovu.

RAM isikutishe. Picha ya PAL ni 720 kwa 576, kila nukta baiti 2, fremu 25 kwa sekunde, kwa sekunde 8. Hiyo ni kama MB 166. Mngetumia 1080 kamili ingefika kama MB 830, na laptop ya GB 4 yenye Windows ingeanza kuhema. Kwenye TV ya chogo hiyo 1080 haionekani hata hivyo, acheni.

Kutoka laptop kwenda TV ndiko pesa zinakopotea. Madukani kuna waya una HDMI upande mmoja na plagi tatu za rangi upande wa pili, bei rahisi. Msinunue. Hauna saketi ndani, na HDMI ni dijitali, haiwezi kugeuka analojia kwa kupita kwenye waya mtupu. Nunueni kile kiboksi cha kubadilisha chenye tundu la umeme wa volti 5 na swichi ya PAL/NTSC. Swichi ikae PAL, la sivyo picha inakuwa nyeusi na nyeupe au inazunguka.

Umeme: TV ya chogo ya inchi 14 inakula kama wati 60, laptop 40, kamera 5. Jumla 105. Betri ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu tu ili usiiue, ina wati-saa 600. Toa hasara ya inveta, inabaki kama 510. Hapo una karibu saa tano kasoro. UPS ndogo ya kompyuta haitoshi: ndani ina betri ya Ah 7, na kwa mzigo huo utapata nusu saa ukibahatika. TV ya chogo inapowaka inavuta umeme mwingi ghafla, kwa hiyo iwasheni TANESCO ukiwepo, inveta ipokee ikiwa tayari inafanya kazi.

Kwenye laptop zima masasisho ya kujifanyia, zima usingizi wa skrini, na OBS ijifungue yenyewe mashine ikiwaka. Hakuna kinachoua kazi ya namna hii kama ujumbe wa "sasisha sasa" katikati ya sebule.

---

Mchoraji_Sakina

Fundi kamaliza upande wake. Mimi nina neno kuhusu kazi yenyewe.

Korido na sekunde 8 ni vitu viwili tofauti, na mnavichanganya. Msanii wa Marekani Bruce Nauman mwaka 1970 alijenga korido nyembamba ya mbao, upana kama nusu mita. Mwisho wake aliweka monita mbili, moja juu ya nyingine. Moja ilionyesha mkanda uliorekodiwa wa korido hiyo ikiwa tupu. Nyingine ilionyesha picha ya moja kwa moja kutoka kamera iliyo juu, pale unapoingilia. Kwa hiyo unavyoisogelea monita ndivyo unavyojiona mgongo, unazidi kuwa mdogo. Hakuna ucheleweshaji, na mgeni anakosa raha kabisa.

Sekunde 8 ni za Dan Graham, Mmarekani mwingine, mwaka 1974. Yeye alitumia chumba chenye vioo. Kamera inachukua chumba, monita inaonyesha kilichotokea sekunde 8 zilizopita, na kwa kuwa kioo kinaakisi ile monita, kamera inaichukua tena: ndani ya picha ya sekunde 8 kuna picha ndogo ya sekunde 16, ndani yake 24, na kuendelea. Kazi yake inataka chumba, mtu asimame, apunge mkono, asubiri. Kwenye korido ya mita 5 mtu anatembea kwa sekunde tano au sita akawa ametoka! Ataona korido tupu na aliyemtangulia. Si kitu kibaya, pengine ndicho kizuri zaidi: unaingia unamkuta mwenzako bado yumo. Ila mjue mnachokifanya.

Ushauri wangu: korido iwe ya Nauman, moja kwa moja, bila laptop. Kamera kwenye TV kwa waya mmoja. Ibaneni kutoka mita 1.1 hadi sentimita 55 kwa plaiwudi za futi 4 kwa 8, zisimamishwe upande mmoja. Nne zinatoa mita 4.88, zinatosha. Fremu ni mbao za mbili kwa mbili, misumari isionekane. Lenzi ya milimita 2.8 ndiyo inayompunguza mtu haraka, ya 3.6 inamwacha mkubwa mno. Kamera ikae juu ya mlango wa kuingilia, mzibe taa zake za infraredi kwa gundi nyeusi ya umeme, kwa sababu kwenye korido nyembamba mwanga ule unarudi kutoka ukutani na picha inakuwa ukungu mweupe. Mlango wa mwisho usifungwe kwa ufunguo hata mara moja.

Ucheleweshaji wa sekunde 8 upelekeni sebuleni, watu wakae kwenye makochi wajitazame wakikaa.

Kuhusu kufuata mtu: ndiyo, msanii Vito Acconci alifanya New York mwaka 1969. Kila siku anachagua mtu, anamfuata mpaka aingie mahali pasipo pa umma, anaishia hapo. Msanii wa Ufaransa Sophie Calle mwaka 1980 alimfuata mwanaume mpaka Venice, na mwaka uliofuata akapata kazi ya kusafisha vyumba kwenye hoteli hukohuko, akawa anapiga picha mizigo ya wageni. Acconci anasimama mlangoni, Calle anaingia chumbani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko mnavyodhani, na kwa mada yenu ya nyumbani Calle ndiye wa kumsoma.

Lakini mwenzenu asimfuate mtu Mbuyuni wala Kaloleni. Kwanza mtu huyo hajakubali. Pili, akigeuka mara tatu amwone mtu yuleyule nyuma yake na daftari, atapiga yowe la mwizi, na hapo hakuna atakayesikiliza habari za sanaa. Kama lazima, geuzeni kama Calle alivyogeuza mwaka 1981: alimwomba mama yake amwajiri mpelelezi amfuate yeye mwenyewe. Mfuatwaji ndiye mwenye kazi. Mpelelezi anaandika saa na mahali, mfuatwaji anaandika shajara yake, na ukutani maandishi yote mawili yanakaa sambamba, saa kwa saa. Utamu uko pale yanapokosa kukubaliana.

---

Bi_Getini

Naungana na Mchoraji, ila bado mnaanza na kamera. Nyumba za Moshi na Arusha zilikuwa zinachunguzwa kabla ya kamera. Kuna balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU miaka ya 1960, kuna mama mwenye genge anayejua ulinunua nyanya za watu wangapi leo, na siku hizi kuna daftari la getini.

Wekeni daftari. Kaunta buku la kwaya mbili, limepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, jina, anatoka wapi, anakwenda kwa nani, namba ya simu, muda wa kuingia, muda wa kutoka, sahihi. Kalamu ya bluu imefungwa kwa uzi wa katani kwenye meza, uzi mfupi kidogo ili mtu ainame. Mlinzi akae na koti lake, asiseme zaidi ya "andika hapa".

Angalieni kinachotokea. Kabla mtu hajaandika jina lake, macho yanapanda kwenye mistari ya juu. Anasoma nani alikuja, alikuwa anakwenda kwa nani, alitoka saa ngapi, na namba yake ya simu hiyo hapo. Safu ya "muda wa kutoka" ikiwa wazi, anajua yule bado yumo ndani. Kamera haisemi hivyo vyote.

Namna ya kufanya: kurasa tatu za mwanzo zijazeni wenyewe, majina ya kubuni, mwandiko tofauti, kalamu tofauti, mengine yamekatwa. Namba za simu ziwe pungufu tarakimu moja, maana ukibuni namba kamili unaweza kuangukia ya mtu. Katika mistari hiyo tungeni mambo: jina moja linarudi kila Jumanne, anakwenda kwa mtu yuleyule, na Jumanne moja "muda wa kutoka" ni asubuhi ya siku ya pili. Msieleze chochote. Atakayeliona ataliona, na atajistukia kwamba amelitafuta.

Mgeni halisi asiandike kwenye ukurasa huo. Mpeni karatasi ya peke yake yenye safu zilezile, chini yake karatasi ya kaboni na nakala. Akimaliza, mlinzi anachana ya juu anampa. Akitoka mlango wa nyuma, mtu mwingine anamkabidhi ile nakala ya kaboni bila kumuuliza jina. Ili hilo liwezekane, pigeni namba ndogo kwa penseli nyuma ya kila karatasi, na mmoja awe mlango wa nyuma akipokea nakala kupitia dirisha la jikoni. Kosa la kawaida ni kalamu ya wino laini: haiandiki kwenye kaboni. Tumieni kalamu ngumu ya kawaida, na chini ya karatasi kuwe na ubao, si kitambaa.

---

Taratibu_Kwanza

Upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi, na namba ya simu iliyoandikwa pamoja na jina ni hivyohivyo. Kwa hiyo wazo la Bi Getini la kumrudishia mtu nakala zote mbili si ustaarabu tu, linawaondolea mzigo. Msichokihifadhi hamna haja ya kukilinda.

OBS ya Fundi haiandiki video kwenye diski mkiitumia kwa ucheleweshaji tu, inashika kwenye RAM na kuifuta. Hakikisheni kurekodi kumezimwa, na Replay Buffer pia, ile inayoweza kuhifadhi kilichopita punde. Zimeni hata vitufe vya njia ya mkato, mtoto akibonyeza isianze kurekodi.

Tangazo la A3 liwe nje, kabla ya lenzi ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida: nani anaendesha, kamera ziko ngapi na wapi, picha inakaa sekunde ngapi, nani wa kuulizwa, na njia gani mtu apite asipotaka kuonekana. Hiyo njia iwepo kweli. Kuhusu watoto wasio na mzazi, ingekuwa mimi nisingewaruhusu korido. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe kwa barua, na muulize ofisi ya utamaduni ya Manispaa kuhusu kibali mapema, si wiki ya ufunguzi.

Simu: mmetaja WhatsApp. Msithubutu kufungua simu ya mtu au kumwekea programu ya kumfuatilia "kwa ajili ya sanaa", hata kama ni mchumba wa mwanakikundi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na ndoa si ruhusa. Mkitaka simu iwemo, tumieni kushiriki mahali kwa hiari. WhatsApp inatoa chaguo tatu: dakika 15, saa 1, saa 8. Watu wawili waliokubaliana washirikishane saa 8, na zikiisha anayetaka kuendelea kuonekana abonyeze tena mwenyewe. Muda wa kila kubonyeza upya, na kila kuchelewa kubonyeza, uandikwe. Ramani msiionyeshe, itaonyesha nyumbani kwao.

Kwa wanaopenda mfano wa nje: msanii Jill Magid, Liverpool mwaka 2004, alivaa koti jekundu akajiacha achukuliwe na kamera za jiji kwa siku 31, kisha akaomba picha zake kwa kujaza fomu za maombi zilizowekwa kisheria. Fomu zile aliziandika kama barua za mapenzi. Na sheria yetu nayo inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake.

---

Korido_Majengo

Mmetufungua. Wa kumfuata mtu kakubali yaishe. Korido itakuwa ya moja kwa moja, daftari tunaliweka getini. Sasa swali: lile dirisha la rifleksi la sebuleni tulifanyeje? Tulidhani tulizibe kwa sababu ya jirani.

---

Mchoraji_Sakina

Msilizibe! Hilo ndilo kazi yenu kuu, hizo nyingine zinalisindikiza.

Kioo cha rifleksi hakina upande wa siri. Kinapitisha mwanga sawasawa pande zote mbili. Mchana nje kuna mwanga mwingi, kwa hiyo wa nje anajiona yeye na wa ndani anamwona wa nje. Saa moja jioni ukiwasha taa, mambo yanageuka: wa ndani anajiona, na kibaraza kizima kinamwona anavyokula. Njiro, Shanty Town, kila mahali kuna nyumba zina vioo hivi, na wenyewe wanaendelea kuvua mashati wakidhani bado ni mchana.

Ila jirani mweke kando: mchezo huohuo uhamishieni ndani. Chukueni kioo kingine, jengeni ukuta wa plaiwudi katikati ya sebule, ukubwa wa dirisha uwe sentimita 90 kwa 120, pande zote mbili kiti kimoja. Mtu mmoja huku, mmoja kule, na mwanga uhame taratibu kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

---

FundiWaya_Njiro

Hapo kwenye mwanga nisikilizeni. Kioo cha rifleksi kikiwa ghali, kioo cheupe cha milimita 5 na karatasi ya fedha ya madirisha inatosha. Kioo kioshwe kwa maji na sabuni ya maji matone machache, karatasi ikatwe kubwa kuliko kioo, ibandikwe kikiwa kimelowa, maji yasukumwe kwa raba kuanzia katikati kwenda pembeni. Mwisho kata ukiacha milimita 2 kila ukingo. Ikigusa fremu itaanza kubanduka. Povu dogo la maji linakauka lenyewe kwa siku chache, povu lenye kipunje cha vumbi halitoki. Fanyieni kazi hii chumba kilichodekiwa, feni imezimwa.

Upande wenye mwanga uwe na angalau mara 8 hadi 10 ya upande wa giza. Pimeni kwa programu ya lux (kipimo cha mwanga) kwenye simu, usawa wa uso wa aliyekaa: mfano 200 huku na 20 kule. Mkifika 100 kwa 100 kila mmoja anaona sura ya mwenzake imelala juu ya sura yake, na hapo pashikilieni kama nusu dakika kabla ya kuendelea.

Balbu za LED za kawaida za sokoni hazipunguziki, ukizipunguza zinapepesa. Tumieni utepe wa LED wa volti 12, mita 2 kila upande, na kidhibiti chake. Mwanga wa upande mmoja uongezeke, wa mwingine upungue, kwa dakika 3. Ukifanya kwa sekunde 20 watu wanacheka, wanadhani ni mchezo wa taa. Kwa dakika 3 hawajui lini walianza kuonekana.

Kamera ya sebuleni isiangalie kioo hicho moja kwa moja, itachukua mwanga wa utepe unaopepesa na picha itajaa mistari. Kuta za pande zote mbili zipakwe rangi nzito, kijivu au bluu nzito, kwa sababu ukuta mweupe nyuma ya aliye gizani unarudisha mwanga na anaonekana. Na mwenye shati jeupe akikaa upande wa giza ataonekana hata mkipima vipi, kwa hiyo tundikeni koti jeusi nyuma ya kila kiti.

---

Bi_Getini

Koti hilo liwe la mlinzi, mfano wa lile la getini. Na pazia wekeni pande zote mbili za kioo, kila mtu afunge la kwake akitaka. Mlinzi aandike kwenye daftari nani alifunga kwanza, na saa ngapi.